Vifundo vya Sanda ya Rumaitha

Wametusimulia waliotutangulia, na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi, kwamba katika mji mmoja wa bonde la Hadhramauti palikuwa na mfumaji mcha Mungu, Ubaid bin Sawad, aliyepatwa na maradhi ya kutetemeka mikono. Mtambo wake wa kufumia ulishika vumbi. Mkewe, Rumaitha, ndiye aliyemfunga kilemba na kumshikia bakuli, wala hakumwonyesha hata siku moja kwamba ni kazi.

Kisha tauni ikaingia mjini. Wanawake waliokuwa wakiosha maiti wakafa, na waliosalia wakajifungia majumbani. Rumaitha naye akaota uvimbe kwapani, homa ikamshika, na alipokaribia kukata roho alimwambia mumewe, "Ubaid, nimelowa jasho la ugonjwa. Usiniache niende hivi kwa Mola wangu."

"Sitakuacha," akajibu kabla hajafikiri. Rumaitha akakata roho.

Alipofikiri, akaogopa. Aliiogopa tauni kama walivyoiogopa wote, lakini aliiogopa zaidi mikono yake. Aliona akilini kichwa cha Rumaitha kikimponyoka na kugonga sakafu. Aliona maji yakimrukia usoni ovyo, kana kwamba anaoshwa na mtu asiyemheshimu. Jasho likamtoka, na kadiri alivyoogopa ndivyo mikono ilivyozidi kutetemeka.

Jirani yake, Jurhum, akasimama ng'ambo ya kichochoro, kitambaa puani.

"Ubaid, imamu amesema mtayamamishe kwa vumbi badala ya kumwosha kwa maji. Asiyeweza hana lawama."

"Imamu amesema kweli. Lakini mimi bado sijajua kama siwezi."

"Hujajua? Jana nimekuona ukinywa uji, nusu umekwenda kifuani! Leo utamwosha mtu?"

"Nusu itakwenda kifuani, ndugu yangu. Niletee maji tu, uyaweke kizingitini."

Jurhum akaleta kiriba, akakiweka na kukimbia.

Ubaid akaketi mbele ya maiti, akasema kwa sauti, ingawa hapakuwa na wa kumsikia, "Ewe Mola, birika siwezi kulishika. Kichwa chake siwezi kukiinua kwa mkono mmoja. Unajua." Kisha akaacha kujaribu asiyoyaweza. Akatundika kiriba kwenye boriti, akivuta kamba kwa meno, akalegeza mdomo wa kiriba maji yatiririke yenyewe. Kichwa cha mkewe akakilaza mapajani pake. Mikono akaiachia kazi moja tu, ya kusugua, na ikasugua huku inatetemeka, juu ya kitambaa, kwa majani ya mkunazi, upande wa kulia kwanza. Maji yalimwagika sakafuni mengi kuliko yaliyomfikia. Hofu haikumtoka. Lakini kichwa hakikuanguka.

Akampaka kafuri, akamvika sanda aliyoifuma mwenyewe enzi za uzima wake. Ndipo akafika kwenye vifundo, kichwani, kiunoni na miguuni. Akajaribu, kamba ikamponyoka. Akajaribu tena kwa meno, akaona ataichana sanda. Basi akaenda kufungua mlango.

"Jamani, nimemwosha," akasema. "Nimemvika. Kufunga siwezi. Naomba mikono ya mtu, kwa vifundo tu."

Watu waliokuwa wakichungulia milangoni mwao wakatazama chini. Nyuma ya Jurhum ikasikika sauti ya mkewe, Atika. "Vifundo tu?"

"Vifundo tu, dada yangu."

"Mama watoto, rudi ndani!" Jurhum akamaka.

"Niache, mume wangu. Mimi kuosha nisingethubutu, naogopa. Lakini kufunga kamba naweza." Akajitanda vizuri, akavuka kichochoro huku akitetemeka kuliko Ubaid, akaingia.

Jeneza likabebwa na watu wachache. Kaburini akashuka Ubaid, maana ndiye mume, na kwa desturi yao ndiye wa kumfungulia maiti vifundo akishalazwa mwanandani, ubavuni mwa kaburi. Hapo hofu ikamrudia upya. Watu walikuwa wamesimama juu wakimtazama. Vidole vikagusa kamba, vikateleza.

Jurhum akainama ukingoni, kitambaa kimemwanguka puani, akanong'ona, "Vuta ncha ndefu. Ndivyo alivyoniagiza Atika nikwambie."

Ubaid akavuta ncha ndefu kwa mkono ule ule unaotetemeka. Fundo likafunguka papo hapo, na la pili, na la tatu, kana kwamba yalikuwa yakimngoja.

Enyi ndugu, Mwenyezi Mungu hakumwondolea Ubaid maradhi yake, na hofu yake alikwenda nayo hadi kaburini akarudi nayo. Lakini angalisema siwezi kabla ya kujaribu, Rumaitha angalizikwa na jasho lake. Na angalisema naweza yote, sanda ingalichanika. Tumwombe Mola atujaalie kuujua mpaka wa mikono yetu, na tukiufikia, tupate ujasiri wa kufungua mlango.