Matanga ya Panya wa Sultani

Hapo zamani palikuwa na Sultani jina lake Nasibu, aliyekula nyama asubuhi, mchana na jioni, hata kidole gumba cha mguu kikamvimba, ikawa nzi akikitulia tu Sultani hupiga ukelele. Akaja tabibu mgeni akamwambia, "Bwana, acha nyama, ule kunde na mboga." Sultani akatii, na baada ya miezi miwili kidole kikanywea, akatembea. Hapo ingefaa amshukuru Mungu anyamaze. Lakini aliyepona ana maneno kuliko mgonjwa, na akiwa Sultani, maneno yake hupigiwa mbiu.

Basi mbiu ikapigwa mitaani: "Sikieni, enyi watu! Sultani amejua ya kuwa kila chenye pumzi ni ndugu yake. Atakayechinja amemwua ndugu wa Sultani, naye atanyongwa. Kuleni kunde!"

Watu wa mtaa wa Makutini wakatazamana. Nyama wao waliionja Idi hata Idi, na wakati mpiga mbiu akipita, kunde zilikuwa zinatokota katika kila chungu.

Katika mtaa huo alikaa fukara mmoja msuka makuti, jina lake Mwinchande, ambaye watu walimdhania punguani kwa kuwa kila aliloambiwa alilishika kama lilivyo. Tajiri mmoja alipata kumwambia, "Usiondoke hapa mpaka nirudi," naye akakaa pale siku nne, akala embe zote za tajiri.

Siku ya tatu baada ya mbiu, bintiye Mwanasiti akajifungua mtoto wa kiume, lakini akatokwa na damu nyingi, akalala hana nguvu hata ya kumshika mwanawe. Alfajiri mkunga, Bi Kazija, akamwita Mwinchande uani.

"Baba Mwanasiti, mchinjie mwanao yule kuku wako, umpe supu leo hii. Sitakuficha, hali yake siipendi."

"Na kunde, Bi Kazija?"

"Kunde amekula miezi tisa! Kunde ni njema, sizitukani. Lakini leo hazimtoshi."

Mwinchande akaingiwa na hofu, maana hakuwa na mtoto mwingine duniani. Akamkwapua kuku, akaenda naye mpaka kasrini, akapiga magoti mbele ya Sultani.

"Bwana wangu, binti yangu ni mzazi, naye yu taabani. Naomba ruhusa ya kuku mmoja tu, tena mzee, hatagi."

Sultani akatikisa kichwa kwa huruma, lakini huruma yenyewe ilimwendea kuku. "Wataka nikupe dada yangu umtie chunguni? Mpe binti yako mchicha. Mimi nimeacha nyama, nitazame nilivyo!"

Mwinchande akamtazama. Shavu lilikuwa linang'aa kwa samli, na mbele yake palikuwa na sahani ya kunde za nazi, na lozi, na zabibu, na maziwa, na asali. Akasema, "Naona, Bwana. Ila mimi ni mjinga, nifahamishe. Undugu huu ni wa mdomoni, au ni undugu wa haki?"

"Wa haki!" akasema Sultani kwa hasira. "Kila mnyama, mkubwa kwa mdogo, ni ndugu yangu katika uhai na katika mauti, na haki zote za ndugu anazo. Waziri, andika, utie muhuri. Na wewe, unyoya mmoja wa kuku huyo ukianguka, utanyongwa."

"Hewala, Bwana," akasema Mwinchande.

Akatoka na kuku wake kwapani, na alipofika uani pa kasri akamwona paka wa Sultani ameketi juu ya panya aliyekwisha kufa. Mwinchande akamchukua yule panya, akamfunika kwa kitambaa cheupe, akaangua kilio kikuu. Kisha akapita mtaa kwa mtaa akilia, "Makiwa, jamani! Sultani kafiwa na ndugu yake! Twendeni matangani!"

Nani asiyekwenda kwenye matanga ya Sultani? Kabla ya adhuhuri watu mia mbili walikuwa wamejaa kasrini, na majamvi yao. Sultani akatoka akiwa ameghadhibika.

"Nani amekufa?"

"Ndugu yako, Bwana," akasema Mwinchande, akafunua kitambaa. "Tumekuja kukupa pole. Ameuawa, na la kusikitisha, muuaji naye ni ndugu yako."

Sultani akataka kuwafukuza, lakini waziri akamnong'oneza kuwa muhuri umekwisha kupigwa, na neno la Sultani halirudi. Basi Sultani akashuka kitini, akaketi jamvini kama afanyavyo mfiwa, ikawa hana budi kulisha waombolezaji wote, naye mwenyewe asionje kitu hata wageni washibe. Nao wageni wale hawakuwa watu wa kushiba upesi. Wakala kunde zote za kasri, wakala lozi na zabibu, wakanywa maziwa.

Walipokaribia kunawa, akaja mtu analia: mbuzi wa Mzee Tingo amekufa kwa uzee. Majamvi yakaongezwa. Hawajatulia, akaja mwingine na mjusi aliyebanwa na mlango. Ndipo mpishi, naye mtu wa heri, akaleta kutoka ghalani mende sita juu ya sinia, akasema, "Bwana, jikoni kuna msiba wa jamaa nzima."

Mwinchande alilia na wenziwe kwa sauti, lakini kila mara alitazama jua, maana nyumbani Mwanasiti alikuwa akingoja.

Ilipofika alasiri Sultani hakuweza tena. Njaa ilimkaba, mgongo ulimwuma, na kidole kile kikaanza kupwita. Akauliza, "Matanga haya yatakwisha lini?"

"Panya ni siku tatu, Bwana. Mbuzi siku tatu. Mjusi siku tatu. Mende sijui kama huhesabiwa pamoja au kila mtu na yake."

"Sina undugu nao!" Sultani akapiga kelele. "Nyote ni mashahidi! Panya si ndugu yangu, mbuzi si ndugu yangu, mende ndio kabisa!"

"Na huyu?" Mwinchande akamwinua kuku wake.

"Simjui!"

"Bwana wangu, undugu ni kufaana, si kufanana. Kuku huyu umemwita dada hata ukampa haki zote za ndugu. Mwanasiti ni mtu wako, amekula kunde miaka yote akilipa kodi yako, na leo anakufa kwa kukosa bakuli la supu. Huyo hukumwita dada."

Sultani akainamisha uso, akaona haya kweli. Kisha akautazama ule msafara wa mende juu ya sinia, akacheka mpaka akajifuta machozi. "Mbona umesimama? Kimbia, mtu wewe! Waziri, chana waraka ule, na majogoo wawili wamfuate."

Mwinchande hakungoja majogoo. Magharibi Mwanasiti alikunywa bakuli la kwanza, na baada ya siku chache akawa amemshika mwanawe mwenyewe.

Katika arubaini ya mtoto Sultani alialikwa. Akapakuliwa kunde, maana kidole chake kilizihitaji, na Mwanasiti akapakuliwa paja la jogoo. Sultani akafungua kinywa ili aseme neno juu ya faida ya mboga, akamwona Mwinchande anatafutatafuta kitu chini ya jamvi.

"Watafuta nini?"

"Mende, Bwana."

Sultani akala kunde zake, akanyamaza. Hekaya imeishia jikoni. Mwenye njaa na aifuate harufu.