Kiboko na Ukurasa Wake Mpana

"Bibi, ukurasa mpana ndio wa kisasa, na wewe hata herufi moja huijui!" Ndivyo alivyoniambia Kheri, eti namtetea dada yake Zamzam, anayetaka mwembamba. Wanatengeneza tovuti ya duka lao la kushona, upana wa ukurasa umewagombanisha, tangu juzi hata salamu hakuna. Haya, herufi sizijui. Itikieni basi.

Hadithi inabisha!
— Ifungulieni!
Ina miguu minane!
— Ivue viatu vyote!

Alikuwepo Buibui. Si lile la kuvaa, huyu wa kutembea. Kazi yake kutanda mtandao, wanyama wote wakimwita fundi. Kiangazi kile koo lilimkwaruza kwa kiu, maana bwawa zima kalishika Kiboko.

Siku hiyo Kiboko akaja, tifu, tifu, tifu.

"We fundi! Nitandie ukurasa, nitangaze: anayetaka maji alete mzigo wa majani."

"Sawa, mzee. Ila tuanze na ukarimu, majani yaje mwishoni. Ndivyo wanavyoandika wakubwa."

Kiboko akachekelea, meno yote nje.

"Na upana je? Mwembamba kidogo, jicho lisichoke?"

"Mwembamba, mimi? Panua!"

Buibui akatanda, tandi, tandi. "Umetosha?"

"Panua!"

Tandi, tandi, tandi. "Mzee, wenzako wana visimu kama kucha."

"Shauri yao! Panua!"

Akapanua. Si kashasema, akakemewa? Koo linamkwaruza, moyoni anacheka.

Kiboko akausoma kwenye kioo chake kikubwa kama mlango, mstari mmoja mrefu: KARIBUNI NYOTE MNYWE MAJI YA KIBOKO, BWANA MKUBWA MWENYE MGONGO WAKE, MKISHALETA MZIGO WA MAJANI KILA MMOJA.

"Safi!"

Panya akafungua kisimu chake. Akaona: KARIBUNI NYOTE MNYWE MAJI. Basi. Mwenye kiu ataanzaje kusukuma ukurasa upande? Wakamiminika, Panya, Kanga, Digidigi, na Buibui kakaa juu ya pembe ya Digidigi.

"Majani yako wapi?" Kiboko akanguruma.

"Majani gani tena, baba?" Panya akashangaa. "Si umetukaribisha? Soma mwenyewe!"

Kiboko akakishika kile kisimu. Akasukuma kwa kidole kinene, fyuu, maneno yakampita. Akarudisha, fyuu, yakampita tena. Bwana mkubwa anauona, mgongo anauona, majani hayaoni! Na nyuma yake huko, gubu, gubu, gubu, watu wanakunywa. Alipokuja kulipata neno la majani, wageni wanafuta midomo.

"Ahsante, bwana mkubwa!"

"Na ukurasa, mzee," akauliza Buibui, koo laini, "umetosha?"

Hata jani moja hakupata. Ndiyo maana mpaka leo Kiboko hutoka majini kwa miguu yake kwenda kujitafutia majani.

Funzo lake: mkubwa akitaka upana, mpeni. Akitaka zaidi, ongezeni. Msimbishie kabisa.

Hadithi imefika ukingoni. Iliyobaki imezidi kioo, haionekani. Wewe uliye karibu na mlango, kampelekee Kheri. Mwambie Bibi kakubali, apanue tu.