Jumatano Moja, Klabu Tatu

Sogeeni karibu, wadogo kwa wakubwa, na msikilize vizuri, kwa sababu nikimaliza sitawapa jibu. Jibu mtanipa ninyi.

Katika milima ya Makete, kule ambako ukungu hushuka mchana ukaficha hata nyumba ya jirani, palikuwa na shule ya msingi iliyoitwa Ilungo. Mwalimu mkuu wake, Obadia Mbwilo, alikuwa mtu wa maneno machache, na aliamini kwamba mtoto anahitaji zaidi ya kusoma na kuhesabu. Mwaka mmoja, muhula wa pili ulipoanza, aliwaomba watu watatu wafundishe kwa majaribio mambo ambayo hayakuwemo kwenye ratiba ya masomo.

Wa kwanza alikuwa Mwalimu Atukuzwe Sanga, kijana aliyefundisha jiografia. Kipaji chake kilikuwa njia. Mahali akipita mara moja, hapasahau. Huyu aliwatoa watoto darasani, wakazunguka kijiji kizima wakichora ramani: vijito, mashamba ya viazi, misitu ya misonobari, hata mashimo ya zamani ambamo wapasua mbao walikuwa wakisimama kuvuta msumeno. Watoto wale hawakuwahi kuona jina la kijiji chao kwenye ramani yoyote. Sasa walikuwa na yao, wameichora kwa mikono yao na kuitundika ukutani.

Wa pili alikuwa Mwalimu Rabeka Mahenge wa darasa la kwanza. Kipaji chake kilikuwa sikio. Watoto hamsini wakiimba pamoja, yeye humjua aliyepotea sauti bila kumtazama. Alianzisha kwaya, na wa kwanza kuwachukua walikuwa wale waliokuwa wakishika mkia darasani. Mmoja wao alikuwa Twilumba, msichana wa darasa la tano ambaye wenzake walimcheka kila aliposimama kusoma. Kwenye kwaya, Twilumba ndiye aliyeanzisha nyimbo, na hakuna aliyemcheka. Mwalimu Rabeka aliwafundisha kuimba, lakini zaidi aliwafundisha kunyamaza na kusikiliza.

Wa tatu alikuwa Bibi Nesta Luvanda, muuguzi mstaafu. Kipaji chake kilikuwa mikono. Zahanati ilikuwa ng'ambo ya bonde, na katika maisha yake ya kazi alikuwa amewaona wengi wakifika wakiwa wamechelewa. Kwa hiyo aliwafundisha watoto huduma ya kwanza: kuzuia damu, kumtuliza aliyevunjika, kumpasha joto aliyezidiwa na baridi. Haukupita muda watoto wakaanza kuwakataza mama zao kupaka dawa ya meno kwenye jeraha la moto, na mama wengine wakaja shuleni kuuliza ni nani anawafundisha watoto ubishi.

Muhula ulikwenda vizuri. Shida ilikuwa mwaka unaofuata. Wazazi walikuwa wamejenga chumba kimoja cha ziada, na mchana uliobaki huru ulikuwa wa Jumatano tu, kwa kuwa siku nyingine madarasa ya mitihani yalihitaji vyumba vyote na walimu wote. Kamati ya shule ikaona kwamba kuanzia Januari klabu itakuwa moja, ya watoto wote. Mzazi mmoja alipendekeza zipokezane. Mwalimu mkuu alikataa. Alisema mtoto anayefundishwa jambo mara moja kwa mwezi hujifunza kulisahau.

Basi ikapangwa siku ya mkutano wa kuchagua. Kabla siku hiyo haijafika, likatokea hili ninalowasimulia.

Ilikuwa mwezi wa Novemba. Darasa la kwanza walikuwa wameruhusiwa mapema, na vikundi vyote vitatu vilibaki shuleni kujiandaa kwa siku ya kufunga shule. Kati ya wale wadogo alikuwemo Tulizo, binti wa Sikitu. Njiani aliona uyoga, akaacha njia ili auchume. Ukungu ukashuka. Wenzake walidhani yuko nyuma yao, wakaendelea kutembea. Walipofika nyumbani bila yeye, Sikitu aliwauliza mara moja tu, kisha akakimbia hadi shuleni, peku, kitenge kikiburuzika matopeni.

Habari zilipoenea, kila mtu alitaka kuingia msituni kwa upande wake. Mwalimu Atukuzwe akawazuia. Aliwaambia kwamba kwa ukungu ule, jioni wangekuwa wanawatafuta watu kumi badala ya mtoto mmoja. Watoto wa ramani wakawauliza wenzake Tulizo, waliokuwa wamemfuata Sikitu mbio, wameachana naye wapi. Wakajibiwa: kwenye kijito chenye daraja la gogo. Wakasimama mbele ya ramani yao. Kutoka darajani njia zilikuwa tatu, na ni moja tu iliyopita chini ya misonobari ya zamani, mahali penye uyoga. Njia hiyo iliishia kwenye mashimo ya wapasua mbao. Basi watoto wa ramani wakatangulia, wenzao wa vikundi vingine na watu wazima wakawafuata mstari mmoja wakiwa wameshika kamba, na ingawa hakuna aliyeona mbele, hakuna aliyepotea.

Lakini walipofika, ramani ikawa imemaliza kazi yake. Mashimo yalikuwa mengi, yamefunikwa na majani, na mtu hakuweza kuona hata miguu yake mwenyewe. Kina mama wakaanza kuita jina la mtoto wote kwa pamoja, sauti zikagongana na kurudi kutoka kila upande. Mwalimu Rabeka akawaomba wanyamaze. Akawasimamisha watoto wa kwaya, wakaimba wimbo mfupi ambao darasa la kwanza huuimba kila asubuhi wanapoingia darasani. Wakaimba mstari mmoja, wakanyamaza. Wakaimba tena, wakanyamaza. Sikitu alikuwa amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili ili kilio chake kisisikike. Ndipo Twilumba akanyoosha mkono.

"Kuna mtu ameitikia," alisema. "Yuko chini, upande huu, na anakosea palepale anapokosea Tulizo."

Hakuna mwingine aliyekuwa amesikia. Wenzake wakaendelea kuimba taratibu, yeye akaifuata ile sauti hatua kwa hatua, akipapasa kwa fimbo, mpaka akasimama ukingoni mwa shimo.

Walimkuta Tulizo amekaa kwenye maji, mguu umevunjika chini ya goti, midomo imebadilika rangi. Alikuwa ameacha kuitikia. Baba yake mdogo alitaka kuruka ndani amnyanyue kwa mikono. Bibi Nesta akamshika shati na kumwambia atulie. Watoto wake wa huduma ya kwanza wakateremka polepole, wakaufunga mguu kwa vijiti na khanga kabla ya kumsogeza, wakampandisha akiwa amelala kwenye blanketi. Wakamvua nguo zilizolowa, wakamfunika kwa masweta yao wenyewe, na wasichana wawili wakalala ubavuni mwake wampe joto la miili yao. Mtu mmoja alitaka kumsugua miguu, mwingine akataka kumnywesha chai palepale. Watoto wakakataa, kwa heshima, lakini wakakataa. Alipoanza kutetemeka na kumwita mama yake, Bibi Nesta alishusha pumzi, maana mwili ulikuwa umeanza kujipasha joto wenyewe. Wakambeba kwenye machela ya miti hadi zahanati.

Mganga wa zahanati alisema kwamba mguu ule ungevutwa bila kufungwa, pengine ungepotea, na kwamba mtoto asingeweza kuistahimili baridi ile kwa muda mrefu zaidi. Leo Tulizo anatembea, anakimbia, na bado anakosea ule wimbo.

Siku ya mkutano ilipofika, chumba kipya kilijaa hadi madirishani. Wazazi wa watoto wa ramani walisema bila wao watu wangetafuta upande mwingine wa mlima. Wa kwaya wakasema bila wao watu wangepita kando ya shimo. Wa huduma ya kwanza wakasema bila wao ingetolewa maiti. Wote walisema kweli. Mwalimu mkuu akawaomba wanyamaze, akawageukia wale watatu.

Mwalimu Atukuzwe alisema hakuja kudai shukrani. "Mashimo yale bado yapo," alisema. "Tulizo hakuijua ramani, kwa sababu hatukuwafundisha wadogo. Angeijua, asingetumbukia, na leo tusingekuwa tunabishana ni nani aliyemwokoa."

Mwalimu Rabeka aliinuka. Alisema kuna watoto ambao kwao shule nzima ni mahali pa kushindwa, kuanzia kengele ya asubuhi hadi ya jioni. "Twilumba ana saa moja tu kwa wiki ya kuwa Twilumba. Mkiifunga kwaya, mimi nitapata kazi nyingine ya kufanya. Yeye atakwenda wapi?" Kule nyuma chumbani, Twilumba aliinamisha uso.

Bibi Nesta hakusimama, magoti yalikuwa yanamuuma. Alisema waliyoyasema walimu wale ni kweli, na wote wawili ni vijana, wanaweza kungoja mwaka mwingine au miwili. "Mimi siwezi," alisema. "Ninachokijua nataka kukiacha mikononi mwa watoto hawa. Nikifa nacho, mtarudi kubeba watu hadi ng'ambo ya bonde bila kuwahudumia kwanza, na baadhi yao hawatafika."

Mwalimu mkuu akamwangalia Sikitu, akamwuliza yeye kama mama anaonaje. Sikitu alikuwa amempakata Tulizo.

"Mwalimu," alijibu, "mtoto wangu nilirudishiwa mzima. Usiniambie nimkate vipande vitatu nichague kimoja."

Watu wakatikisa vichwa. Mwalimu Obadia akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Aliwatazama wale watatu waliokuwa wamekaa kwenye benchi moja, hawana ugomvi wowote kati yao, kila mmoja akiwa tayari kumpa mkono mwenzake atakayechaguliwa. Akafungua mdomo ili atamke jina la klabu ya mwaka ujao.

Mimi naishia hapo alipofungua mdomo. Kuna Jumatano moja na chumba kimoja, na watoto watakuja Januari. Je, apewe aliyejua pa kwenda, aliyesikia, au aliyeponya? Na ukishachagua, fikiri pia utawaambia nini wale wawili waliobaki kwenye benchi. Haya, wewe uliyekaa hapo mbele, anza: ungetamka jina gani?