Pipa Lisilo na Kitako

“Mahindi huokotwa, pumzi haiokotwi.” Mmeisikia sokoni leo mkacheka, sasa mwataka kujua chimbuko lake. Basi tulieni, maana mimi sijasahau hata punje. Methali hii ilizaliwa hivi.

Mwaka ule wa njaa, mahindi tuliyolima wenyewe yalichukuliwa kwa bei ya kutupwa, yakawa yanapita mbele ya macho yetu kwenda kwenye ghala la wakubwa. Asubuhi moja lori lililosheheni mahindi ya kumwaga, yasiyo kwenye magunia, likapinduka konani. Kijiji kizima kikatoka na madebe.

Sechelela naye alikuwamo. Nyumbani kwake jiko lilikuwa na siku mbili halijawashwa. Debe lake lilifika nusu aliposikia kikohozi chini ya nyayo zake. Papo hapo dereva, damu ikimtiririka usoni, akalia: “Luhende! Mpakiaji wangu kafukiwa humo!”

“Shukeni!” Sechelela akafoka. “Kila hatua yenu inamkamua pumzi!”

“Shuka wewe uliyeshiba,” shemeji yake Chilewa akamjibu, mikono ikizidi kuzoa.

“Nimeshiba nini, shemeji? Wanangu wanalamba chumvi!” Akalimwaga debe lake mbele ya Chilewa, akaanza kuchimba.

Watu wakaona haya, wakashuka. Lakini kila alipofukua, mahindi yaliporomoka tena. Uso wa mtu ulichomoza, ukazama.

“Huu ni mchanga wa mtoni!” akapaza sauti. “Pipa! Pipa la kisimani!”

Kwetu kisima huchimbwa ndani ya mto mkavu, na pipa lisilo na kitako huzamishwa ili mchanga usibomoke. Aliyetimua mbio kulileta alikuwa Chilewa. Wakalishindilia kuzunguka kichwa na mabega ya Luhende, Sechelela akalala kifudifudi, akachota mahindi ya ndani kwa kibuyu, kisha kwa kidole akamtoa punje kinywani.

Ndipo pumzi ikaingia kwa kishindo, kama mvukuto wa mhunzi. Watu zaidi ya mia, wenye njaa, walisimama juu ya chakula, na hakuna aliyeinama. Chilewa alivua kofia.

Mchana, mkubwa wa ghala akafika na askari. Luhende, aliyekwisha kufukuliwa, alikuwa amelala pale pale, lakini mkubwa hakumtupia jicho.

“Mahindi kiasi gani yamepotea?”

Sechelela hakuinuka. Kichwa cha Luhende kilikuwa mapajani pake.

“Inama uyatafute, bwana mkubwa,” akasema. “Mahindi huokotwa. Pumzi haiokotwi.”