Boga la Arobaini na Mbili

Paukwa?

— Pakawa.

Pakawa nani?

— Tuambie wewe, Bibi Somoe.

Ningewaambia mara moja, lakini kichwa changu ni kapu lililotoboka tangu boriti ya mwenye nyumba iliponidondokea. Basi nikipotea, nirudisheni njiani. Hapo kale palikuwa na Kiboko, mnyama wa miguu mitatu.

— Minne, Bibi!

Haya, minne. Nilijua hamtavumilia.

Kiboko huyo alikuwa na shamba la mpunga bondeni, na katikati ya shamba lilisimama dungu, kichanja kirefu cha miti ambacho mlinzi hukaa juu yake kuamia ndege. Mlinzi wake alikuwa Kindi. Ndege wakija, Kindi hupiga debe: nga, nga, nga! Ndege wakaenda zao. Ujira wake ulikuwa punje zilizodondoka, na Kiboko akiwahi, hata hizo alizila yeye.

Mwaka ule maboga nayo yalizaa sana. Kujenga ghala Kiboko hakutaka, maana ghala lina gharama. Akayapandisha maboga yote juu ya dungu. Kindi akatazama nguzo, akaona mchwa. Akamwambia, "Bwana Kiboko, dungu hili litaanguka." Kiboko akamwambia apige debe. Kesho yake Kindi akasema tena, "Bwana Kiboko, dungu hili litaanguka." Kiboko akamwambia apige debe. Siku ya tatu akasema tena, akajibiwa vilevile, akaenda zake kukaa kivulini chini ya dungu kula punje zake. Ndiyo, chini ya dungu lilelile. Msimcheke. Mimi boriti ile niliiona imepinda mwezi mzima, na kitanda sikukihamisha.

Kwaa! Kwaa! Nguzo zikakatika. Pu, pu, pu! Maboga yakashuka, na moja likatua juu ya kichwa cha Kindi. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Hapa asiyesikia la mdogo alivunja kichwa cha mwenziwe.

Hakufa. Lakini alipozinduka siku ya nne, Kindi hakuwa yule wa zamani. Kokwa alizofukia kabla ya masika hakujua ziko wapi. Jioni alipanda mti wa watu wengine, akauliza kwa nini mlango umehama. Siku moja alimwita mwanawe wa mwisho mtoto wa jirani. Mtoto akalia, na Kindi alipojua kosa lake akalia kuliko mtoto. Jambo hilo liliniuma nilipolisikia, na linaniuma mpaka leo.

Mkewe, Bi Zena, akampeleka barazani kudai fidia: chakula cha nyumba yao mpaka watoto wakue. Hakimu alikuwa Korongo, ambaye husikiliza kesi kwa mguu mmoja. Akishusha wa pili, kesi imekwisha. Sheria ilikuwa kwamba mdai ana siku tatu za kusimulia mkasa wake bila kukosea. Akikosea zote tatu, arudi kwake mikono mitupu.

Siku ya kwanza Kindi alisema ameangukiwa na nazi. Siku ya pili alisahau amekuja kumshitaki nani, akamwamkia Kiboko kwa heshima zote na kumwuliza habari za shamba. Baraza zima likacheka. Kiboko akasimama.

"Mheshimiwa," akasema, "huyu hakumbuki kitu. Asiyekumbuka atajuaje kwamba ameumia?"

Waliporudi nyumbani Bi Zena alikaa na mumewe kumfundisha maneno, na kila alilolitia lilivuja. Mwishowe Kindi akasema, "Mama watoto, basi. Aliyenivunjia kumbukumbu, na anikumbukie yeye. Kesho ninong'oneze neno moja tu: punguza."

Siku ya tatu ikafika. Bi Zena akanong'ona, "Punguza." Kindi akasimama.

"Palikuwa na maboga matatu," akasema, "madogo kama ngumi."

Kiboko akahema. Alikuwa radhi kusikia lolote, lakini si maboga yake kupunguzwa mbele za watu. "Arobaini na mawili," akasema. "Na dogo halikuwamo."

"Labda. Waliyapandisha vibarua."

"Vibarua gani? Niliyapandisha mwenyewe, kwa mgongo huu."

"Na dungu lilikuwa jipya, la mwaka huu."

"La babu yangu hilo. Tangu nilipolirithi sijalibadilishia hata fito moja."

"Basi habari ya mchwa hukuijua, bwana. Mimi nilikuambia mara moja tu, tena kwa sauti ndogo."

"Mara tatu," akasema Kiboko. "Uliniambia mara tatu, na mara tatu nikakuambia upige debe. Usinifanye nisiyejua yanayotokea shambani mwangu."

Tap. Korongo akashusha mguu wa pili. "Mkasa umesimuliwa bila kosa," akasema, "na mdaiwa mwenyewe."

Kiboko akaamriwa kuilisha nyumba ya Kindi, na mpunga ukawa unafika kila jioni. Na kila jioni Kindi aliuliza unatoka wapi. Bi Zena humsimulia tangu mwanzo, na wakifika penye boga la arobaini na mbili, Kindi hucheka mpaka machozi, akauliza nani aliyebuni hila ile. Humwambia, "Wewe." Hivyo kila jioni Kindi alishinda kesi upya. Na mtoto wa mwisho alizoea kutaja jina lake mwenyewe kila alipoingia ndani.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Aliyeipenda aende nayo, aliyeichoka aniachie, nitaisahau.

Funzo lake, wajukuu zangu, ni hili: kumbuka kila kitu, sema kweli tupu, na haki itakujia. Mimi ndivyo nilivyofanya. Nilimshitaki mwenye nyumba, nikasimama mbele ya wazee nikaeleza habari ya boriti tangu siku ilipopinda, neno kwa neno, maana mama yenu alinifundisha mwezi mzima. Wazee wakanisifu sana. Wakasema kichwa kinachokumbuka hivi ni kizima, nikarudi nyumbani na ndoo ya plastiki, ndiyo fidia yote.

— Beseni, Bibi. Ulipewa beseni.

Haya, beseni.