Vitanda Viwili Kwenye Banda la Mbuzi

Wapendwa, leo nina habari ya mama mmoja mjane. Aliishi kisiwa cha mbali huko ziwani, ambako boti hufika mara moja kwa wiki, na wiki nyingine haifiki kabisa.

Mama huyu alisikia kwamba serikali inataka watalii wafike hadi visiwa vya mbali. Basi akajenga chumba cha wageni kwa mikono yake mwenyewe, akakipaka chokaa, akaingiza vitanda viwili na vyandarua vyeupe. Miaka miwili alikifagia kila asubuhi, na mgeni hakuna. Majirani walimtania kwamba anafuga popo. Alicheka nao, lakini moyoni ilimuuma.

Siku moja ikasikika kwamba ofisa anakuja na msaada. Sasa, watu wa kisiwa kile walikuwa na desturi yao. Ofisa akija, wanaficha. Samaki wanaondolewa vichanjani, kuku wanafungiwa, watoto wanavalishwa nguo zilizochanika. Walijifunza hivyo mwaka wa mafuriko, pale nyumba za bati ziliporukwa kwenye mgawo wa chakula. Mnacheka? Haya, ngojeni.

Mwenyekiti wa kijiji akapita nyumba kwa nyumba. Kwa yule mama alikaa sana, akamwambia chumba chake kitawaponza wote. Mama alisita, akakubali. Vitanda vikabebwa hadi banda la mbuzi, chumba kikajazwa kuni.

Ofisa akafika, binti mpole, akazunguka kijiji chote. Akaingia chumbani mwa yule mama, akagusa ukuta wa chokaa, akazitazama zile kuni.

"Mama, hapa kisiwani kuna mahali mgeni anaweza kulala? Hata mmoja tu?"

Miaka miwili alikuwa akilisubiri swali hilo. Akamtazama mwenyekiti. Mwenyekiti akatazama chini.

"Hakuna, mwanangu. Sisi ni maskini tu."

Binti akaandika. Magunia ya unga yakashushwa, watu wakafurahi. Lakini mama aliona vitu vingine vimebaki botini: tangi la maji, taa za sola, magodoro mapya. Akauliza vile ni vya nani.

"Vilikuwa vya hapa, mama. Niliambiwa nimwachie yeyote nitakayemkuta ameshaanza kupokea wageni, hata akiwa na kitanda kimoja. Sasa navipeleka kisiwa kinachofuata."

Mama akafungua mdomo. Angesema nini? Kwamba amedanganya, mbele ya kijiji kizima? Boti ikaondoka. Alipokwenda kuchukua vitanda vyake, alikuta mbuzi wanatafuna vyandarua.

Ndugu zangu, msimcheke. Ni wangapi tumeingia humu leo tukiwa tumevaa nguo zilizochanika mbele za Mungu? Tunapiga magoti na kulia kwamba hatuna kitu. Wewe una sauti ya kuimba, umeificha. Wewe una ufundi, una shamba, una saa mbili za kumsaidia jirani mgonjwa, umevificha, kwa hofu kwamba ukionekana unacho, utarukwa kwenye mgawo. Kisha tunashangaa kwa nini tunapewa unga tu, miaka nenda rudi.

Mungu hakuulizi umekosa nini. Hilo analijua. Anakuuliza umeanza nini, na unamjibu huku vitanda viko bandani.

Basi ukitoka hapa usipitie kwingine. Nenda bandani kwako, mbuzi wameshaanza kutafuna.