Hodi ya Mwenye Nyumba

Wapendwa, kabla hatujafunga Biblia zetu, twendeni nyumbani kwa mjane mmoja.

Mjane huyu, tangu amzike mumewe, kila alipoomba aliona maneno yake yanagonga bati na kumrudia. Mungu ameniacha, alisema moyoni. Basi akaanza kumtafuta. Akisikia kuna mkesha, yumo. Akisikia mhubiri kaingia mjini, yumo. Alipanda mlima wa maombi, akafunga hadi midomo ikapasuka, akashuka vilevile alivyopanda. Nani hapa hamjui mtu wa namna hiyo? Wengine mmekaa naye benchi moja. Wengine ni ninyi wenyewe.

Asubuhi moja alikuwa barazani akichambua mchele, mgongo ameuegemeza mlangoni, na mama mkwe wake amejinyoosha mkekani kando yake. Bibi huyu macho yalikuwa yamefifia, kwa hiyo kila siku mkwewe alimsomea Biblia.

"Mama, leo nakusomea mara ya mwisho," mjane akasema. "Nimeita mpaka nimechoka. Kama yupo, hanitaki."

"Haya, mwanangu. Basi nisomee ule mlango."

Akasoma habari ya Bwana asimamaye mlangoni akibisha, kwamba mtu akimfungulia, ataingia ale pamoja naye. Akakifunga kitabu, akarudi kwenye ungo wake.

"Sasa fumba macho uuone," bibi akasema. "Huo mlango ukoje?"

"Mama na wewe! Mlango ni mlango."

"Wa mbao au wa bati?"

Mjane akaguna, lakini akafumba macho. "Wa mbao. Una rangi ya kijani, imebanduka huku chini."

"Nje kasimama nani?"

Alitazamia kumwona Bwana. "Ni mimi, mama. Nimelowa chapachapa. Ndani kuna taa, na nasikia harufu ya chakula."

"Piga hodi basi."

"Nimepiga. Kuna mtu anajibu."

"Anasemaje?"

"Anasema... tangu lini mtu akapiga hodi kwake?"

Ungo ukamtoka mikononi, mchele ukatapakaa. Aligeuka. Mlango wa mbao, rangi ya kijani, imebanduka chini: ndio huohuo aliokuwa ameuegemea! Mjane yule akainuka, akavua kandambili zake, akaingia nyumbani kwake taratibu, akinyata, kwa hofu na furaha, maana alijua kuna Mtu ndani.

Ndugu zangu, siku ile tulipomfungulia Bwana, aliingia. Je, kuna siku alituaga? Nani basi aliyetoka? Ni sisi! Mtume ametuandikia kwamba sisi ni hekalu la Mungu, na Roho wake anakaa ndani yetu, nasi tunalisoma neno hilo haraka haraka kama tangazo la msiba wa mtu tusiyemjua. Lini tulikaa tukaliona? Mungu, aliyeumba mbingu, yuko ndani ya kifua hiki kinachokohoa!

Najua mnasubiri niwaombee. Nitawaombea. Lakini kwanza kila mmoja afumbe macho. Mlango wako una rangi gani? Umeuona? Usipige hodi. Vua viatu, uingie.